Asili ya Binadamu: Kati ya Nyani, Udongo na Nyayo za Laetoli

Kwa miaka mingi sasa, mada ya mageuko ya binadamu imefundishwa kidato cha kwanza katika somo la historia, kisha ikarudi kidato cha nne katika baiolojia. Na kwa miaka hiyo yote imekuwa ikitoka darasani na kuingia majumbani kama ugomvi. Mtoto anarudi Segerea, Kimanga au Kinyerezi, jijini Dar es Salaam, akisema mwalimu amefundisha kwamba binadamu alitokana na nyani. Mama anamkumbusha mafundisho ya Jumapili. Jirani anamkumbusha aliyoyasoma madrasa. Kwenye vijiwe na ndani ya daladala za Kariakoo swali huwa lile lile: kama tulitokana na nyani, mbona nyani bado wapo, na mbona hatuwaoni wakigeuka watu?

Watu kubishana si jambo baya. Hasara inakuja pale mwanafunzi anapozoea kubeba majibu mawili, moja la kumpa alama kwenye mtihani na jingine la kumpa amani nyumbani, bila mtu wa kumsaidia kuyapima. Anamaliza shule akiwa amekariri majina ya mafuvu, lakini hajui kwa nini mtu mwenye akili timamu aamini au akatae kinachosemwa juu ya mafuvu hayo.

Uchambuzi huu unaipitia misimamo minne inayosikika zaidi, nguvu na udhaifu wa kila mmoja, kisha unaipima. Hoja yake kuu ni kwamba swali la "nyani au Mungu" limefunga maswali matatu katika furushi moja: je, viumbe vimebadilika na vina asili ya pamoja, vilibadilika kwa njia gani, na utu wa binadamu una maana gani. Kila swali lina ushahidi wake na mahali pake pa kuulizwa.

Usuli: kilichotoka kwenye ardhi ya Tanzania

Mjadala huu ungeweza kuonekana wa mbali kama ushahidi wake ungekuwa Ulaya peke yake. Lakini sehemu kubwa imefukuliwa hapa nchini.

Tuanze na Rukwa. Mwaka 2013 watafiti walitangaza visukuku viwili vya Bonde la Ufa la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, vyenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Kimoja, Rukwapithecus, ni kipande cha taya cha kiumbe wa kundi la masokwe. Kingine, Nsungwepithecus, ni cha kundi la nyani, tumbili na jamaa zao. Ni vipande vidogo, lakini vinaonyesha kwamba zama hizo makundi hayo mawili yalikuwa yameshaachana.

Kutoka hapo twende Laetoli, kusini mwa Bonde la Olduvai, kaskazini mwa nchi. Miaka milioni 3.66 iliyopita majivu ya volkano yalitanda juu ya ardhi, yakalowa, viumbe wakapita juu yake, kisha yakakauka na kugeuka mwamba. Mwaka 1978 timu ya mtafiti Mary Leakey ilifukua mstari wa nyayo wenye urefu wa mita 27 hivi. Ukiutazama unyayo mmoja kwa makini, unaona kisigino kimezama sana na uzito umehamia mbele kuelekea vidole. Kidole gumba kimelala sambamba na wenzake. Hakikujitenga pembeni kama cha sokwe anayeshika matawi. Waliopita pale walitembea wima. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo Watanzania Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, walitangaza nyayo nyingine za zama hizo, mita kama 150 kutoka zile za kwanza. Mifupa ya Laetoli yenyewe inahusishwa na Australopithecus afarensis, kiumbe ambaye ubongo wake ulikuwa karibu theluthi moja ya wetu. Maana yake ni kwamba miguu ilitangulia na ubongo mkubwa ukafuata baadaye sana.

Olduvai inafuata. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona meno na vipande vya fuvu vikichomoza ardhini. Fuvu hilo likaitwa Zinjanthropus. Mwaka 1961 kipimo cha potasiamu na argoni kililipa umri wa miaka milioni 1.75, umri uliowashangaza wengi wakati ule. Leo limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mahali ambapo mwanafunzi wa Segerea anafika kwa daladala. Mwaka 1964 mabaki mengine ya Olduvai yalitangazwa kuwa ya Homo habilis, na zana za mawe za bonde hilo zikawa msingi wa jina ambalo wanaakiolojia wa dunia nzima hulitumia kwa zana za kale za aina hiyo.

Hapa pana kosa lililoenea. Wengi huamini Zinjanthropus ndiye babu yetu wa kwanza. Wanasayansi wa leo wanamweka kwenye tawi la pembeni, Paranthropus boisei, lililotoweka zaidi ya miaka milioni moja iliyopita bila kuacha kizazi. Magego yake makubwa yalimfaa kutafuna mimea kwa wingi. Aliishi zama moja na Homo habilis, katika bonde moja. Ndiyo maana ile picha maarufu ya viumbe waliopanga foleni, kila mmoja akisimama wima zaidi kuliko aliye nyuma yake, inapotosha. Kulikuwa na matawi mengi, na mengi yakakatika.

Msimamo wa kwanza: asili ya pamoja na uteuzi asilia

Msimamo wa wanasayansi ulipata umbo lake mwaka 1858, Charles Darwin na Alfred Wallace walipotangaza wazo la uteuzi asilia, na mwaka 1859 Darwin alipochapisha kitabu chake kuhusu chimbuko la spishi. Mwaka 1871 alisema inaelekea mababu wa binadamu waliishi Afrika, kwa kuwa ndiko waliko sokwe mtu na gorila, jamaa zetu wa karibu. Wakati huo hakuwa na kisukuku hata kimoja cha Afrika cha kumuunga mkono.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba ushahidi wake unatoka njia tofauti na bado unaelekea mahali pamoja. Mifupa inasema jambo, umri wa miamba unasema jambo, na vinasaba, ambavyo Darwin hakuvijua, vinakubaliana na hayo. Mwaka 2005 jenomu ya sokwe mtu ilipochapishwa, ilionekana kwamba sehemu zinazoweza kulinganishwa moja kwa moja na zetu zinafanana kwa karibu asilimia 99. Sokwe ana kromosomu 48 na sisi 46, na sababu imeonekana: kromosomu yetu ya pili ina alama za mahali ambapo kromosomu mbili za kale ziliungana. Gombe, mkoani Kigoma, ambako mtafiti Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960, sokwe walionekana wakichuma vijiti na kuvitoa majani ili kuvua mchwa kichuguuni, jambo lililofuta imani kwamba binadamu peke yake ndiye hutengeneza zana.

Mageuko hayakukomea enzi za mawe. Selimundu, ugonjwa unaozijulisha familia nyingi za Dar es Salaam njia ya kwenda Hospitali ya Muhimbili, ni mfano wake. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi jeni moja tu ya selimundu ana kinga dhidi ya malaria kali. Aliyerithi mbili, moja kwa kila mzazi, anaugua selimundu. Katika nchi za malaria, wenye jeni moja waliishi na kuzaa zaidi, nayo ikaenea. Ndiyo sababu wazazi wawili wenye jeni moja kila mmoja, wasio na dalili yoyote, hukabiliwa na uwezekano wa robo kupata mtoto mgonjwa katika kila mimba. Uteuzi asilia ulimlinda mzazi, ukamwachia mwanawe mzigo.

Kimelea cha malaria nacho kimebadilika machoni petu. Watu wazima wanakumbuka klorokwini ilivyokuwa dawa ya kila nyumba. Vimelea vilivyoistahimili vilibaki na kuzaana, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha kama tiba ya kwanza, ikahamia dawa iitwayo SP. Nayo SP ikashindwa, na kufikia 2007 dawa mseto ilikuwa imechukua nafasi yake. Sasa mkoani Kagera vimeonekana vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yanayopunguza nguvu ya artemisinin iliyomo kwenye dawa mseto. Anayesema hakuna kiumbe kinachobadilika kizazi hadi kizazi anakanusha kilichobadilisha kabati la dawa nyumbani kwake.

Udhaifu wa msimamo huu nao usemwe wazi. Visukuku ni vichache na vimevunjika. Hakuna anayeweza kunyoosha kidole kwa uhakika na kusema fuvu hili ni la babu yetu wa moja kwa moja. Sababu za kusimama wima bado zinabishaniwa: kuna wanaotaja kupungua kwa misitu, wengine kubeba chakula, wengine kuokoa nguvu katika mwendo mrefu. Hata wazo kwamba Homo sapiens alizaliwa Afrika Mashariki pekee limetikiswa, baada ya mabaki ya Jebel Irhoud, Morocco, kutangazwa mwaka 2017 kuwa na umri wa miaka 300,000 hivi. Wengi sasa wanaona chimbuko letu kuwa Afrika nzima, makundi yakiachana na kukutana tena. Udhaifu mwingine unatoka kwa wasemaji: baadhi yao huruka kutoka "tuna asili ya pamoja na sokwe" hadi "kwa hiyo hakuna Mungu", na hatua hiyo ya pili haipimwi kwa taya wala kwa jeni.

Msimamo wa pili: uumbaji neno kwa neno

Kwa waumini wengi, Wakristo na Waislamu, Adamu aliumbwa kwa udongo, moja kwa moja, wala hana mzazi. Baadhi ya Wakristo huongeza kwamba dunia ina umri wa miaka elfu sita hivi, hesabu inayofanana na ya askofu mkuu James Ussher wa Ireland, ambaye mwaka 1650 aliuweka uumbaji mwaka 4004 kabla ya Kristo. Upande wa Waislamu, umri mkubwa wa dunia kwa kawaida hauleti shida. Kiini cha mjadala ni Adamu.

Nguvu ya msimamo huu ni ya kimaadili. Unamwambia kila mtu, tajiri na maskini, kwamba anatoka chanzo kimoja na ana heshima asiyopewa na serikali wala mwajiri. Unampa mtoto jibu la swali ambalo visukuku haviligusi: nipo kwa ajili ya nini?

Udhaifu wake unaanza pale unapotoa madai juu ya miamba na vinasaba. Dunia ya miaka elfu sita haikubaliani na majivu ya Laetoli, wala na vipimo vingine vya miamba. Hoja kwamba wanasayansi hubadilisha maneno kila mara ina chembe ya ukweli, lakini kilichobadilika ni mpangilio wa matawi. Wazo la asili ya pamoja limezidi kuimarika kila ushahidi wa aina mpya ulipopatikana. Na ipo gharama kwa imani yenyewe: kijana aliyeambiwa kwamba nyayo zile zikiwa za kweli basi dini ni uongo, siku akizithibitisha anaweza kuiacha dini.

Msimamo wa tatu: upatanisho

Segerea kwenyewe ipo Seminari Kuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga, inayolea mapadre wa Kanisa Katoliki, na msimamo wa Kanisa hilo haujulikani vizuri mitaani. Mwaka 1950 Papa Pius XII aliruhusu wataalamu kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe vilivyotangulia, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Kwa hiyo Mkatoliki anayekubali nyayo za Laetoli hajatoka nje ya kanisa lake. Kwa Waislamu pia wapo wanazuoni wanaokubali mageuko ya viumbe vingine huku wakimtenga Adamu kama muujiza, na wapo wachache wanaokwenda mbele zaidi.

Nguvu ya msimamo huu ni kugawa kazi: sayansi ieleze njia, dini ieleze maana. Unamwezesha mwalimu kufundisha ushahidi bila kuvunja nyumba ya mwanafunzi.

Lakini upatanisho hauji bure. Vinasaba vinaonyesha kwamba mababu zetu walikuwa kundi la maelfu katika vizazi vyote vinavyoweza kupimwa, wala si watu wawili tu. Yule anayeitwa "Hawa wa mitokondria" tangu utafiti wa mwaka 1987 alikuwa mwanamke mmoja kati ya wengi wa zama zake. Ni ukoo wake wa kike pekee uliofika hadi leo. Anayetaka kupatanisha lazima aamue atawaelewaje Adamu na Hawa, na kwa Mkristo, atalielewaje fundisho la dhambi ya asili. Wanateolojia wanalifanyia kazi swali hili. Kulificha kunaugeuza upatanisho kuwa njia ya kukwepa.

Msimamo wa nne: heshima ya Mwafrika

Wapo wanaoukataa mjadala mzima kwa sababu ya kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ina haki. Mwaka 1906, Ota Benga, kijana kutoka Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, atazamwe na umati. Wachungaji weusi walipinga hadi akaondolewa. Lugha ya mageuko ilitumika kudai kwamba Mwafrika amebaki karibu na mnyama. Mtu anayechukia kuambiwa ametokana na nyani huenda anasikia ndani yake tusi ambalo babu zake walitukanwa.

Sayansi ya wakati ule ilipotoshwa na ubaguzi huo. Mwaka 1912 fuvu la Piltdown, Uingereza, lenye nafasi ya ubongo kama ya mtu na taya la sokwe, lilipokelewa kwa shangwe kwa sababu lilifurahisha waliotaka babu Mwingereza mwenye akili kubwa. Mwaka 1925 mtafiti Raymond Dart alipotangaza fuvu la mtoto wa Taung, Afrika Kusini, wakubwa wa taaluma walilipuuza kwa miaka mingi. Piltdown ilithibitishwa kuwa ghushi mwaka 1953.

Nguvu ya msimamo huu ni kutukumbusha kwamba sayansi hufanywa na watu wenye upendeleo. Udhaifu wake ni kuikataa silaha inayoushinda ubaguzi wenyewe. Vinasaba vimeonyesha kwamba Waafrika wana utofauti mkubwa wa kijeni kuliko watu wa mabara mengine yote, na kwamba asili ya waliobaki duniani inatoka kwa sehemu kubwa kwa kundi lililotoka Afrika miaka 60,000 hivi iliyopita. Hakuna tawi la binadamu wa leo lililobaki nyuma.

Kuipima mizani

Tuanze na swali la vijiweni, maana ndilo linalowazuia wengi. Sayansi haisemi kwamba binadamu alitokana na nyani tunaowaona Mikumi. Inasema sisi na nyani tulikuwa na babu wa pamoja zamani sana, na Rukwa inaonyesha kuwa matawi hayo yalishaachana miaka milioni 25 iliyopita. Kwa sokwe mtu kuachana ni kwa karibuni zaidi, miaka kama milioni sita hadi nane. Wewe na binamu yako mna babu mmoja. Kuwepo kwake hakukanushi kuwepo kwako, na hakuna anayemsubiri ageuke kuwa wewe. Nyani amefanikiwa katika njia yake, na mageuko hayana kituo cha mwisho kinachoitwa binadamu.

Kwenye swali la kwanza, kama viumbe vilibadilika na vina asili ya pamoja, ushahidi unaegemea upande mmoja kwa uzito mkubwa, na uzito huo hautegemei fuvu moja. Zinjanthropus ameondolewa kwenye mstari wetu na hoja haikuyumba. Kwenye swali la pili, la njia, uteuzi asilia umethibitishwa katika damu yetu na katika vimelea vya malaria, ingawa mengi kuhusu kusimama wima na kukua kwa ubongo bado yanatafutwa. Kwenye swali la tatu, la maana na utu, msimamo wa kwanza ukiwa peke yake hauna la kutosha kusema. Hapo ndipo dini na falsafa, pamoja na mila zetu, zina neno lao halali.

Kwa hiyo kila msimamo una la kutoa na la kulipa. Anayesoma maandiko neno kwa neno hulinda uhakika wa imani, ila hulazimika kuukana ushahidi wa miamba. Mpatanishi anavipata vyote viwili, lakini anadaiwa kazi ngumu ya tafsiri. Mwanasayansi ana maelezo yenye nguvu kuliko mengine, na anatakiwa kukiri mpaka wake. Mtetezi wa heshima ya Mwafrika ana kumbukumbu ya haki, na atapata zaidi akiuchukua ushahidi kuwa wake kuliko kuwaachia wengine.

Kwa shule, gharama kubwa kuliko zote ni kunyamaza. Mwalimu anayesoma mada haraka ili asigombane na wazazi anawaachia wanafunzi jina la nyani na aibu yake. Anayewaonyesha jinsi umri wa majivu unavyopimwa na kwa nini kidole gumba cha Laetoli ni muhimu, kisha akawaambia wazi kwamba swali la roho halipimwi kwa argoni, amewapa njia ya kufikiri watakayoitumia hata nje ya mada hii.

Kwa muhtasari

Binadamu hakutokana na nyani wa leo. Ana babu wa pamoja nao, na wa karibuni zaidi na sokwe mtu. Ushahidi wa hilo ni mpana, na sehemu yake muhimu imetoka Rukwa, Laetoli na Olduvai. Uteuzi asilia unaendelea hadi sasa, katika selimundu na katika malaria inayozizoea dawa. Sayansi bado haijui mengi kuhusu njia tuliyopita, na haina mamlaka juu ya maana ya maisha. Kukubali ushahidi hakumlazimishi mtu kuacha imani, ingawa kunamdai aisome imani hiyo kwa kina zaidi. Mzazi na mwalimu wakiyatenga maswali haya matatu, mtoto hatahitaji kuwa na jibu la shule na jibu la nyumbani; atakuwa na akili moja inayojua swali gani linajibiwa na ushahidi, na lipi linajibiwa na imani yake.